Diski Iliyopikia Msiba

Harusi tisa na jando moja viliteketea uani kwangu siku tuliyomzika shangazi Veronika. Aliyeviteketeza ni Likwata. Likwata ni mtani wangu, na kwa kuwa ni mtani, kijiji kizima cha Miteja kinasema sina haki ya kumkasirikia. Nimemkasirikia. Naandika haya nikiwa bado nimekasirika, na nitayaeleza kama yalivyokuwa, ili anayesema nilizidisha aseme akiwa anajua anachosema.

Tuna kompyuta moja nyumbani, ya mezani. Niliinunua mwaka ambao ufuta ulipata bei mnadani, ikiwa imeshatumika katika ofisi fulani Dar. Niliinunua kwa ajili ya Klementi, mwanangu wa kwanza, ambaye alikuwa na kamera na alianza kuitwa kurekodi harusi. Lakini kitu kikishakaa sebuleni ni cha nyumba nzima. Mke wangu Skolastika akaweka kwaya zake. Yustina, binti yetu anayesoma chuo cha ualimu, akaweka masomo yake na tamthilia ambazo si masomo. Mimi nikaweka ngumi. Napenda ngumi. Shule niliiacha darasa la tano, kitabu kwangu ni kazi, lakini mabondia wawili wakisimama ulingoni nawasoma vizuri kuliko mtu yeyote hapa kijijini. Kuna kijana pale Somanga anakurushia mapambano kwenye flashi, na kila nilipokwenda Somanga nilirudi na mapya.

Kompyuta ikajaa, ikawa nzito. Ukiiwasha unaweza kusonga ugali, ukala, ukanawa, ndipo ifunguke. Klementi akikata na kuunga video ya harusi, inaganda katikati, anaizima, anaanza upya. Kuna bibi harusi wa Nangurukuru alijifungua kabla hajaiona harusi yake. Mumewe alikuja kuichukua akiwa na mtoto begani.

"Mwonyeshe na huyu," alimwambia Klementi. "Alikuwemo."

Watu walicheka. Klementi hakucheka. Kijana wangu si msemaji, kazi ikimlemea anakunja uso na kuendelea.

Halafu Agosti vijana wa vitongoji vitatu wakatoka jandoni kwa pamoja, kumi na wanane. Yanayofanyika ndani hayapigwi picha na Klementi hakuyapiga. Alichorekodi ni siku ya kutoka: vijana wamenyolewa, wamepakwa mafuta, wamevikwa nguo mpya, wanatembezwa chini ya kanga huku mama zao wanarukaruka mbele yao kwa vigelegele na wajomba wanatupa hela. Siku mbili hakukaa chini. Wazazi wote walichanga wakampa nusu ya malipo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na alijua kwamba akiitoa vizuri, kila jando na kila harusi kuanzia hapa mpaka Kiranjeranje ataitwa yeye.

Ndiyo maana akatumia ile nusu, au sehemu yake, kuagiza diski mpya. SSD. Ilikuja na basi kutoka Dar, imefungwa kwenye boksi dogo. Nikaishika. Nyepesi, bapa, kama pakiti ya sigara iliyokaliwa.

"Hii ndiyo inashinda lile dude?" nikamuuliza.

"Hii haina kinachozunguka ndani, baba. Ile ya zamani ina sahani za chuma zinazunguka na sindano inayosoma juu yake. Hii inasoma papo hapo."

"Na bei?"

Akanitajia. Nikamrudishia.

Shida ikawa moja. Hela yake ilitosha diski ndogo tu. Ile ya zamani ilikuwa ya zamani lakini pana, hii mpya nafasi yake haikufika hata nusu. Jumapili baada ya misa Klementi akatuita sebuleni, sote wanne, akasema vitu vyote havitaingia, kila mtu achague cha kuacha.

"Kwaya yangu isiguswe," Skolastika akasema kabla hajamaliza. "Humo kuna parokia tatu."

"Mama, kuna wimbo mmoja umo mara saba."

"Kila mara wameimba vingine."

Yustina akasema masomo yake hayagusiki, mwenye masomo ni serikali. Klementi akamuuliza kama zile tamthilia nazo ni za serikali. Yustina akasema zinampumzisha ubongo ili serikali iutumie.

Wakanigeukia mimi.

"Ngumi zangu zinakwenda zote," nikasema.

"Baba, mapambano mia mbili na sita! Unaangalia mawili tu kila siku, yaleyale."

"Mengine nayapumzisha."

Yustina akaanguka kwenye kochi kwa kicheko. Mimi sikuwa nacheka. Nilimwambia Klementi kwamba kompyuta imenunuliwa kwa ufuta wangu, umeme naununua mimi, na sitaambiwa na mtoto wangu nipunguze. Akajaribu tena. Akasema, "Nafasi haitoshi, baba." Nikamjibu, "Tafuta nafasi." Hayo ndiyo maneno yangu na siyakatai.

Akatafuta. Siku mbili kompyuta ilikuwa wazi ubavuni, waya zimetoka, diski mbili zimelazwa mezani, moja inamwagia nyingine. Siku ya tatu akaniita nione. Akabonyeza, na sikuwahi hata kukaa, ikafunguka. Nilitukana kwa mshangao. Kwaya zipo. Chuo cha Yustina kipo na tamthilia zake. Ngumi zangu zipo zote, amezipanga na kwa uzito.

"Imeisha?" nikauliza.

"Imeisha, baba. Bado waya tu, nimeuagiza."

Waya wa nini, sikuuliza. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, naangalia pambano ambalo zamani lilikuwa linaganda raundi ya tatu. Safari hii nililiona mpaka mwisho. Klementi akaichukua diski ya zamani, akaifunga kwenye foronya, akaiweka juu ya kabati.

Nilidhani anatunza chuma chakavu. Ninyi mngedhani nini? Kompyuta inafanya kazi, kila mtu ana vitu vyake, kilichobaki ni ganda. Sikujua kwamba vitu vilivyokosa nafasi ni vyake yeye. Jando lote na harusi zote alizokuwa hajamaliza kuzikata aliziacha kwenye ile ya zamani, akisubiri waya wa kuzifunga diski zote mbili ndani pamoja. Na kwenye kadi za kamera alikuwa ameshafuta, kwa sababu kadi ni mbili tu na harusi hazimsubiri mtu.

Wiki haikuisha, shangazi Veronika akafariki. Alikuwa dada wa baba yangu, mzee sana, akiishi chumba cha nyuma kwangu. Aliamka, akaomba uji, akalala tena, basi.

Msiba ukiingia kwetu nyumba inatolewa vitu ili watu wapate pa kukaa. Kina mama wakatoa viti, kochi, kabati, meza. Kompyuta ilikwenda kwa jirani yetu Yassini, imefunikwa mkeka. Vitu vidogo vilisombwa kwa matenga na kurundikwa uani karibu na jiko la msiba. Foronya ile ikatiwa kwenye tenga la vijiko na vitambaa. Nani aliitia, hakuna anayekubali. Klementi hakuwepo. Nilikuwa nimemtuma kwa pikipiki amlete katekista Romani, na akitoka huko apitie kwa fundi wa msalaba.

Ndipo Likwata akaja.

Ukoo wangu na ukoo wa Likwata ni watani tangu babu zetu hawajazaliwa. Wao wakifiwa sisi tunachimba kaburi, sisi tukifiwa wanachimba wao. Na mtani akija msibani haji kulia. Anakuja kutukana. Anamwigiza marehemu, anajilaza mlangoni jeneza lisitoke, anachukua kitu cha nyumba na kukishika mateka mpaka akombolewe. Huwezi kununa. Anayenuna ndiye anayeonekana mtu wa ovyo. Likwata ndiye mtani hodari kuliko wote waliobaki. Alipomzika baba yangu alivaa koti la baba na kuwadai watu madeni ya baba, mpaka mama yangu, mjane wa siku hiyohiyo, akacheka huku analia.

Aliingia uani na chepeo begani, udongo wa kaburi magotini.

"Yuko wapi mke wangu Veronika?" akapiga kelele. "Miaka yote nilimtongoza akaninyima. Leo amelala, hawezi kukimbia!"

Kina mama wakacheka. Akaanza kupekua matenga. Akachomoa mwiko, akaunusa, akasema huu haujawahi kukutana na nyama. Akachomoa foronya, akaikung'uta, diski ikaangukia mkononi mwake. Akaipima uzito. Akaigonga kwa kidole.

"Ehee! Ndiyo hii! Hiki ndicho kikasha alichokuwa anafichia hela, na ndiyo maana mtumwa wangu Dominick alikuwa anamlisha!"

Dominick ni mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanaume, mbele ya ile nyumba iliyotolewa vitu.

"Rudisha, mtumwa," nikamjibu. "Ukoo wenu mkiona chuma mnadhani ni chakula."

"Sirudishi. Nataka jogoo."

"Jogoo gani?"

"Yule mwekundu. Amenichungulia tangu nafika, anajua mwenyewe amekuja." Akainua diski juu watu wote waione. "Jogoo, au kikasha cha Veronika nakwenda nacho!"

Watu wote walinitazama mimi. Hapo ndipo mtu anapopimwa. Mtani amekurushia, nawe urushe, na urushe mbali kuliko alivyorusha yeye. Ukitoa jogoo haraka umeonekana mwoga. Ukikaa kimya umeonekana umenuna. Kuna watu walitoka Pande siku ile, kuna wakwe, kuna Yassini na wanawe. Na mimi nilijua, nilijua kabisa, kwamba kile ni chuma kitupu.

"Jogoo hupati," nikasema. "Hicho kikasha nenda kapikie!"

Uani kulilipuka kwa kicheko. Hata Skolastika, macho yamevimba kwa kulia, alicheka akajifunika kanga. Niliona fahari, siwadanganyi.

Likwata akapiga saluti. "Amri ya mwenye msiba!"

Akaenda jikoni. Sufuria kubwa la wali lilikuwa limekaa kwenye mafiga likiyumba, jiwe moja fupi. Wapishi walikuwa wanahangaika nalo tangu asubuhi. Likwata akainama, akaisukuma diski chini ya lile jiwe fupi kama kabari, akalitikisa sufuria. Likatulia kabisa.

"Veronika," akasema, "ukiwa hai hukunipikia hata siku moja. Leo kipike kikasha chako."

Wapishi wakamshukuru. Moto wa magogo ya mkorosho ukasogezwa. Wali ukapikwa hapo, ukatolewa, yakaletwa maharage, yakatolewa, ukaletwa wali mwingine. Kuna mtu alisema anasikia harufu ya plastiki. Mwingine akamwambia ni ndara za Likwata.

Tukazika. Katekista Romani alisali vizuri na kwa ufupi. Likwata aliingia kaburini akajilaza, akasema limembana, tumpe soda ndipo atoke, tukampa. Tukarudi, watu wakala.

Klementi alikuwa anawanawisha wazee maji. Maji yakamwishia, akaenda jikoni kuchota mengine ya moto. Nilimwona kwa mbali akisimama. Akaweka ndoo chini. Akaokota kijiti, akachokonoa chini ya jiwe, sufuria likayumba, mpishi mmoja akamkemea. Akaivuta ile diski mpaka kwenye mchanga, akachuchumaa mbele yake.

Nikaenda. Karatasi ya juu ilikuwa imeungua yote. Upande wa chini, kile kibao cha kijani kilikuwa kimevimba na kuchuruzika.

"Nani aliweka?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Likwata. Utani tu. Ile si tupu?"

Akaniangalia. "Jando limo humu, baba."

"Jando gani? Si ulihamisha?"

"Nilihamisha vyenu."

"Na vyako?"

"Nafasi haikutosha. Ukasema nitafute. Nikatoa vyangu."

Nikageuka kumtafuta Likwata, na nikamwona amekaa kwenye mkeka wangu, ana sahani ya wali mapajani, wali uliopikwa kwa jando la watoto wa watu, na anawachekesha wazee.

Nikamkamata shati. Nikamnyanyua. Sahani ikaruka.

"Niachie shati, mtumwa wangu," akasema huku anacheka, "nimeliazima."

"Leo mimi si mtumwa wako wala wewe si mtani wangu! Umemuunguzia mwanangu kazi yake!"

Shati likachanika bega zima. Watu wakasimama. Yassini akanishika kiuno. Wazee wakaanza: Dominick! Msibani! Na mtani! Mtani hashikwi!

Likwata bado alikuwa na kicheko mdomoni lakini machoni kilishaondoka. "Kazi gani? Ulisema nikapikie."

"Nilisema!"

"Mbele ya watu."

"Nilisema, ndiyo! Kwani ukiambiwa nenda kafe unakufa?"

"Kwenye utani nakwenda mpaka mlangoni pa kaburi," akasema. "Ungenipa jogoo, Dominick. Nilikuomba jogoo tu."

Ukweli wa neno lile ndio ulionichoma zaidi. Nikamwambia maneno ambayo hayasemwi. Sitayaandika yote. Nilimwambia kuanzia siku ile asikanyage kwangu, kwenye heri wala kwenye shari, na mimi nikifa mikono yake isiguse jeneza langu. Ungesikia kuku uani wanavyodonoa wali uliomwagika. Na yule jogoo mwekundu alikuwemo, anakula.

Likwata akalikusanya lile shati kwa mkono mmoja, akachukua chepeo chake, akaondoka.

Diski tuliipeleka Dar kwa fundi, na basi lilelile lililoleta ile mpya. Fundi akaifungua, akapiga simu. Sahani zimepinda, ile sindano imegandia juu yake. Akasema hata wenye mitambo mikubwa wasingepata kitu. Akauliza tulifanyaje ikaungua hivi, nyumba ilishika moto? Klementi akamjibu ndiyo.

Siku ya kuondoa matanga kina Likwata walitakiwa waje, wafagie uwanja, watutukane mara ya mwisho, wapewe haki yao. Nilikuwa nimepanga nisitoke chumbani. Lakini yeye alikuja, kwa sababu mambo ya msiba hayaachwi nusu. Alivaa shati jingine, limepigwa pasi. Alifagia uwanja wote, peke yake, bila kumwigiza mtu, bila kudai chochote. Alipomaliza akaja mpaka mlangoni kwangu, akaweka ufagio ukutani.

"Habari za asubuhi, Bwana Dominick," akasema. "Poleni na msiba."

Maisha yangu yote Likwata hajawahi kunitaja kwa jina la heshima. Utotoni aliniita mbwa, ukubwani mtumwa, harusini kwangu aliniita bibi harusi. Nilitaka anitukane. Nilisimama pale nasubiri. Akatoka, na ndugu zake wawili nyuma yake, nao wakasema bwana, bwana.

Skolastika akaniambia, "Mfuate, Baba Klementi."

"Nimfuate nikamwambie nini?"

"Mpelekee jogoo."

"Mimi ndiye nimeunguziwa, mimi ndiye nipeleke jogoo?"

"Aliyeunguziwa ni Klementi," akasema, akaendelea kukunja mikeka.

Siku hiyohiyo mchana akaja Fakihi. Fakihi ana duka dogo barabarani na mwanawe wa pekee alitoka jandoni Agosti. Alishasikia, kila mtu alishasikia, lakini alitaka kusikia kwa Klementi. Akakaa kwenye kochi lililokuwa limerudishwa, kofia mkononi.

"Hata kipande?" akauliza.

"Hata kipande, mzee."

"Sauti je? Mama wa mtoto aliimba siku ile. Tangu augue hakuwahi kuimba, siku ile akaimba. Sauti tu."

"Hakuna, mzee Fakihi."

Fakihi hakugomba. Kama angegomba ningejua la kufanya. Alikaa tu, anaizungusha ile kofia, na mimi nilikuwa na hasira ya wiki nzima kifuani na hakuna pa kuitua.

"Kwani mtoto si yupo?" nikasema. "Si unaye nyumbani? Mwangalie yeye."

Klementi akageuka. Hajawahi kunipandishia sauti, na hapo pia hakuipandisha.

"Baba, nyamaza."

Nikanyamaza. Ndani ya nyumba yangu, mbele ya mgeni, mwanangu kaniambia ninyamaze na nikanyamaza. Kisha akamwambia Fakihi kwamba kila mzazi atarudishiwa hela yake, na wenye harusi pia, na kwamba atapita nyumba kwa nyumba aseme mwenyewe, wasije wakaambiwa na watu. Fakihi akasema hela hakuja kudai. Klementi akasema anajua.

Akapita kweli. Mlango wa kwanza nilikwenda naye. Nilitaka nieleze kwamba kosa ni la Likwata. Mama wa pale alitusikiliza, akamtazama Klementi, akasema, "Pole, mwanangu," kama aliyefiwa ni yeye. Mimi hakuniangalia. Milango iliyobaki alikwenda peke yake.

Wanaonilaumu wapo wengi na nawajua kwa majina. Wanasema niliuvunja utani kwa sababu ya kipande cha chuma. Nawauliza, nani kati yenu aliyemwona kijana wake akichuchumaa mchangani mbele ya moto, hasemi neno? Wanasema utani ni mkubwa kuliko mali. Sawa. Basi mtani naye angeuliza hiki ni nini kabla hajakitia motoni. Wanasema aliuliza. Aliuliza kwa kuomba jogoo, wanasema, ndivyo mtani anavyouliza. Hapo huwa natoka barazani, maana nikibaki nitampiga mtu.

Siku hizi Klementi anakwenda nami shambani. Anapalilia vizuri, haongei. Kompyuta ipo sebuleni, inafunguka kabla hujakaa. Juzi niliiwasha mwenyewe. Ikaja ile orodha ya ngumi, imepangwa kwa uzito, wazito juu, wepesi chini, kila bondia na jina lake limeandikwa sawasawa. Kazi ya subira ile, mtu ameikalia. Nikaizima.

Kwa hiyo hasara ni hizi. Jando moja, vijana kumi na wanane. Harusi tisa, mbili kati ya hizo wenyewe wameshaachana, na hizo nazo nazihesabu. Kamera moja, imeuzwa Kilwa Masoko ili watu warudishiwe hela zao. Shati moja la kuazima. Mtani mmoja, na ndugu zake wote, na siku nitakayokufa hakuna mtu atakayekuja kunitukana. Ngumi zangu zipo zote mia mbili na sita, hakuna hata moja iliyoguswa. Jogoo pia yupo.